Jiwe, gogo, kifuu au kombe: kipi kiingie kwenye tangi la samaki?

Mkazi wa Dar es Salaam hana haja ya kununua ngome ya plastiki ya kupamba tangi la samaki. Ufukweni kuna magogo yaliyoletwa na maji na makombe ya kila namna. Uani kuna mpera unaopunguzwa matawi. Jikoni, kila nazi ikikunwa kinabaki kifuu. Na chini ya mti wa mkungu wa mtaani majani mapana yanageuka mekundu na kuanguka yenyewe. Vitu hivi vinapendeza kuliko plastiki, samaki huvitumia kujificha, kutagia na kutafuta chakula, na havina bei. Ila kwa usalama havilingani hata kidogo. Kipo kinachobadili maji, kipo kinachooza, kipo chenye sumu, na kipo ambacho sheria inakataza kukiokota.

Ulinganisho huu ni kwa anayefuga samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya bahari, nyumbani, mwenye tangi la lita 50, 100 au zaidi, ambaye ameshika kitu mkononi na anajiuliza akiweke au akiache. Msimamo wangu ni huu: usichague kwa macho. Angalia kwanza maji unayotumia, kisha samaki unaowafuga, uzuri uje mwisho.

Kwanza, maji yako ni ya aina gani?

Hapa ndipo wengi wanaruka, na ndiyo maana mtu anafuata ushauri wa mwenzake neno kwa neno halafu samaki wake wanazidi kudhoofika. Maji ya bomba ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa yanatoka Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Ni maji ya mto yaliyosafishwa na kutiwa klorini, na klorini hiyo lazima iondoke kabla samaki hawajaingia. Maji ya kisima ni habari nyingine. Visima vingi vya upande wa bahari vina chumvi na chokaa ya kutosha. Anayevitumia anajua dalili zake: sabuni inagoma kutoa povu, na birika linashika ukoko mweupe ndani. Hayo ndiyo maji magumu, yaliyojaa kalsiamu na magnesiamu, na kwa kawaida pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, inakuwa juu ya 7, upande wa alkali.

Gapi na moli, samaki wadogo wa mapambo, wanayapenda maji hayo. Samaki wa Ziwa Tanganyika wanayapenda zaidi, maana ziwa lenyewe lina pH ya karibu 9. Neoni na diskasi, samaki wengine wa mapambo, asili yao ni bonde la Amazoni, kwenye maji laini yenye asidi kidogo. Ukiwapa maji ya chokaa wanaishi, lakini wanaishi kwa taabu: rangi inafifia, hawazai, wanaugua ovyo. Kwa hiyo jiwe lilelile linaweza kuwa zuri kwenye tangi lako na baya kwenye tangi la jirani, na wote wawili mkawa mmesema kweli.

Jiwe la matumbawe au jiwe gumu la bara

Pwani yetu imekaa juu ya matumbawe ya kale. Ukienda Kunduchi, Msasani au Kigamboni, jiwe utakalolikuta kwanza ni lile jeupe au la rangi ya krimu lenye matundumatundu, ambalo wazee walijengea nyumba na misikiti. Kwenye tangi linavutia sana. Mashimo yake ni nyumba za samaki zilizo tayari, na bakteria wanaosafisha maji hupata pa kukaa. Jiwe gumu la bara ni lile la kijivu, jeusi au lenye madoadoa, linaloletwa mjini kutoka machimbo ya upande wa Lugoba na Chalinze kama kokoto na mawe ya msingi. Mengine ni mawe laini yaliyosuguliwa na mito, kama yale yanayotoka upande wa Morogoro.

Tofauti yao kubwa haionekani kwa macho. Tumbawe ni kalsiamu kaboneti, yaani chokaa. Asidi iliyomo kwenye maji huila taratibu, na kadiri linavyoliwa ndivyo maji yanavyozidi kuwa magumu na pH inavyopanda. Jiwe gumu la aina ya graniti halifanyi hivyo. Linakaa miaka na maji hayabadiliki.

Namna ya kuyatenganisha ni siki ya jikoni. Chukua jiwe lililokauka kabisa. Likwaruze kwa msumari mpaka upate sehemu mpya, kwa sababu uso wa nje unaweza kuwa umefunikwa na mwani au udongo. Dondoshea siki matone matatu au manne hapo penye mkwaruzo, kisha sogeza jicho karibu. Tumbawe linajibu papo hapo: vipovu vyeupe vinachomoza pembezoni mwa tone, vinapasuka, vinakuja vingine. Hiyo ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka chokaa ikiliwa. Jiwe gumu linakaa kimya, tone linabaki tone. Yapo mawe yanayojibu kivivu, hasa marumaru, hivyo usiharakishe. Subiri dakika mbili na umulike kwa tochi ya simu. Kama huna siki, kamulia ndimu. Usitumie asidi ya betri ya gari hata kama umesikia mtu anaisifia, kwa sababu inaunguza ngozi na macho, na jibu utakalopata ndilo hilohilo.

Kipimo hiki kinawashangaza watu zaidi kwenye yale mawe meupe ya urembo yanayouzwa kando ya barabara pamoja na maua na vyungu. Mtu ananunua mfuko akijua amenunua jiwe salama kwa kuwa limesuguliwa na linang'aa. Mengi ni marumaru, na marumaru kwa kemia ni chokaa ileile ya tumbawe. Mengine yamepakwa rangi, hayo usiyaguse kabisa.

Kwa mwenye samaki wa Tanganyika au Nyasa, tumbawe linashinda bila ubishi. Linashikilia pH juu na kuzuia isianguke ghafla, jambo ambalo kwa samaki hawa ni la uhai. Kwa mwenye gapi na moli, jiwe moja au mawili hayana neno. Kwa mwenye neoni, diskasi, au beta (samaki mpiganaji) anayetaka kumzalisha, weka jiwe gumu na uliache tumbawe lilipo. Na kwa mwenye samaki wa dhahabu ningesema hapana kwa sababu nyingine: tumbawe lina kingo kali. Samaki wa dhahabu wenye macho yaliyotokeza na mapezi marefu wanajikata, na kidonda ndani ya maji hakichelewi kushika ukungu.

Lipo jambo la wapi unaokota. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa hifadhi za bahari mwaka 1975, na leo viko chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Humo huchukui tumbawe wala kombe. Nje ya hifadhi pia, tumbawe lililotoka majini, hata kama linaonekana limekufa, liache. Miamba yetu imepigwa na baruti za wavuvi kwa miaka mingi, na mwaka 1998 joto la bahari lilipausha na kuua matumbawe mengi ya pwani hii. Kipande kilichovunjika bado ni mahali pa tumbawe jipya kushika na samaki wadogo kujificha. Jiwe la matumbawe la nchi kavu, linalotoka kwenye msingi au shimo la choo, linafanya kazi ileile tangini bila kumnyang'anya mtu yeyote makazi. Ila lisiwe limetoka kwenye ukuta wenye plasta, kwa sababu saruji na chokaa ya kupakia hupandisha pH kwa ghafla na kwa nguvu. Na magofu ya Kunduchi ni mali ya kale, hayaguswi.

Lipo na suala la uzito. Jiwe gumu la ujazo wa lita moja linazidi kidogo kilo mbili na nusu. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 likijaa lina lita 54, yaani kilo 54 za maji peke yake, kabla hujaweka jiwe wala mchanga. Tumbawe ni jepesi kuliko graniti kwa sababu ya matundu yake, na hilo linafaa kukumbukwa kama meza yako ni ya mbao nyepesi. Vyovyote utakavyochagua, mawe makubwa yakae juu ya kioo cha chini kwanza, ndipo mchanga umiminwe kuyazunguka. Sikilidi, jamii ya samaki ambayo ndiyo wengi wa Tanganyika na Nyasa, wanachimba. Jiwe lililoegeshwa juu ya mchanga litaanguka siku wakichimba chini yake, na litaangukia samaki au kioo.

Usichemshe jiwe lolote. Maji yaliyonaswa ndani yake yakigeuka mvuke yanaweza kulipasua kwa kishindo. Lisugue kwa brashi mpya na maji matupu, bila sabuni, kisha limwagie maji ya moto kutoka juu. Na jiwe lenye mishipa ya kutu, madoa ya kijani au buluu, au vumbi linalomeremeta kama chuma, litupe. Huenda lina shaba au madini mengine yanayoua.

Gogo la ufukweni au tawi la mpera

Masika yakipita, mito huwa imesukuma miti baharini na bahari inairudisha pwani. Gogo lililosuguliwa na mawimbi na kupigwa na jua muda mrefu limeshapoteza gome na sehemu zote laini, limebaki moyo wa mti wenye mikunjo na matundu ambayo fundi hawezi kuyachonga. Kwa sura, hakuna kinacholishinda. Ndiyo maana watu wanapita Coco Beach wakirudi na kipande begani.

Shida yake ni kwamba hujui ni mti gani wala ulipita wapi. Hilo silichukulii kama jambo dogo. Ipo miti ya kwetu ambayo kazi yake ya tangu zamani ni kuua samaki. Wavuvi walikuwa wakiponda utupa na kuumwaga kwenye mabwawa ili samaki walewe na kuelea, na utomvu wa mnyaa ulitumika hivyohivyo. Leo uvuvi wa sumu ni kosa la jinai, lakini mnyaa bado ni ua wa nyumba nyingi mjini hapa. Mwarobaini nao, pamoja na heshima yake yote kama dawa, ndio unaotolewa viuatilifu vya mazao. Mkorosho una utomvu unaounguza, na mwembe ni ndugu yake. Msonobari una ulimbo, mkaratusi una mafuta makali. Oleanda inayopandwa kwa maua yake ni sumu kuanzia mzizi hadi jani. Hakuna hata mmoja kati ya hii ambao ningeuweka majini na samaki, ukiwa mbichi au mkavu.

Mabaki ya vyombo ni hatari zaidi, na yanadanganya kwa sababu yanaonekana ya asili. Ubao wa ngalawa au mashua umepakwa sifa, yale mafuta ya papa, mara kwa mara kwa miaka. Vyombo vingine vimepakwa rangi za kuzuia viumbe wasishike chini ya maji, na rangi hizo mara nyingi zina shaba. Shaba kidogo tu inaua konokono na uduvi wote wa tangini, na samaki wanafuata. Ubao wenye tundu la msumari, alama ya rangi au ukingo ulionyooka wa msumeno, uache hapo hapo. Vilevile magogo yaliyookotwa karibu na bandari au kwenye mlango wa Mto Msimbazi, ambao unapokea majitaka ya viwanda na ya makazi. Mbao hunywa kila kinachopita.

Na mkoko? Mti wa mkoko unafaa sana kwa akwaria, ni mgumu, unazama haraka na hauozi upesi. Lakini misitu ya mikoko inalindwa kisheria, na ndiyo malezi ya kamba na samaki wa pwani yetu. Anayependa samaki hawezi kukata pale wanapozaliwa ili apambe pale wanapofungwa. Hata mzizi uliokufa msituni unafanya kazi, unashika tope na kuhifadhi kaa.

Sasa tawi la mpera. Kwa sura ni la kawaida, jembamba, limenyooka kiasi, halina historia ya bahari. Lakini unajua mti wake, unajua haukupuliziwa dawa, halina chumvi, na mbao yake ni ngumu na imebana. Gome lake jembamba linatoka lenyewe likikauka. Ukichagua pale matawi mawili yanapoachana unapata umbo zuri la kutosha, na ukiunganisha vipande vitatu kwa mshipi wa kuvulia unapata kichaka ambacho samaki wadogo watakishukuru.

Maandalizi yanatofautiana kwa muda kuliko kwa kazi. Tawi la mpera likaushwe kivulini kwa miezi kadhaa mpaka livunjike kwa mlio mkavu. Likipinda badala ya kuvunjika, bado lina utomvu. Menya gome lote, hata lile la kwenye pembe. Kisha lichemshe kwa saa moja au mbili, umwage maji, uchemshe tena. Gogo la ufukweni, kama umeridhika na asili yake, lilowekwe kwanza kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi kwa wiki kadhaa, maji yakibadilishwa kila baada ya siku chache, ndipo lichemshwe. Onja tone la maji ya pipa kwa ncha ya ulimi. Ukisikia chumvi, endelea. Sufuria la kuchemshia lisirudi tena kupikia chakula cha watu.

Vyote viwili vitatoa rangi ya chai ndani ya maji kwa wiki za mwanzo. Hiyo ni tanini na haina madhara. Utando mweupe laini unaoota juu ya mbao mpya nao usikutishe. Ni kuvu na bakteria wanaokula sukari iliyobaki, konokono na uduvi wanausafisha, na baada ya wiki chache unapotea. Kinachotisha ni harufu ya yai viza. Ukiisikia, mbao inaoza kwa ndani, itoe siku hiyohiyo na ubadilishe sehemu ya maji.

Kati ya hivi viwili nachagua mpera, na nachagua hivyo kwa mtu yeyote anayeanza. Uzuri wa gogo la bahari ni wa kweli, lakini samaki hawaishi kwa uzuri.

Kifuu au kombe

Hapa ushindani ni mfupi. Kifuu cha nazi ndicho kitu bora kuliko vyote ambavyo mkazi wa pwani anaweza kuweka kwenye tangi. Ni kigumu, hakina chokaa wala sumu, kinafaa maji laini na magumu, na samaki wanaotaga pangoni wanakipenda mno. Nusu moja ikifudikizwa na kukatwa mlango mdogo kwa msumeno wa chuma ni pango tayari. Beta dhaifu hujificha humo, uduvi huzaa humo, sikilidi wadogo hulinda mayai humo.

Kosa moja tu huharibu kifuu: mabaki ya nazi. Mbuzi ya kukunia haimalizi nyama yote ya nazi, na kile kiutando cha kahawia kinachobaki kina mafuta. Mafuta yakipanda juu ya maji yanatanda na kuzuia hewa isiingie, na nyama yenyewe inaoza na kutoa amonia. Kwa hiyo kwangua kwa kisu mpaka uone ganda tupu, ng'oa nyuzi za nje, piga msasa kingo za mlango, kisha chemsha na kumwaga maji hata mara tatu. Mwisho kiloweke kwenye bakuli na uangalie uso wa maji dhidi ya mwanga. Ukiona hata kijiduara kimoja kinachong'aa, chemsha tena. Kikielea siku za kwanza kiwekee jiwe juu, kitazama. Na mara moja moja kibonyeze kwa kidole. Kikianza kulainika, nazi nyingine ipo jikoni.

Kombe la baharini ni chokaa kama tumbawe, hivyo kila nililosema juu ya pH linahusika. Linaongeza na matatizo yake: mabaki ya mnyama huozea kwenye kona usiyoifikia, chumvi inajificha, na samaki mwembamba anaingia asiweze kugeuka. Ufukweni nako lina wenyewe. Kaa wanaobeba nyumba mgongoni hawana pa kwenda wakikosa makombe matupu ya saizi yao. Na konokono wa baharini mwenye ganda la umbo la koni, lenye michoro ya kupendeza, usimshike akiwa hai. Bahari ya Hindi ina aina ambazo mchomo wake umewahi kuua watu.

Wapo samaki wachache ambao bila magamba ya konokono hawana maisha. Kule Ziwa Tanganyika kuna sikilidi wadogo kabisa, wengine hawazidi sentimita tano, wanaoishi na kuzaa ndani ya magamba matupu ya konokono wa ziwa anayeitwa Neothauma tanganyicense. Ukiwafuga hao, gamba linapanda daraja kutoka pambo hadi kitanda. Hata hapo huhitaji kwenda baharini. Baada ya mvua bustani za Dar zimejaa konokono wakubwa wa nchi kavu, na magamba matupu yao madogo, yale ambayo mdomo wake unampitisha samaki bila kumbana, yanafanya kazi hiyo vizuri. Vaa glavu unapoyaokota kwa kuwa konokono hawa huweza kubeba vimelea, yachemshe, yasuuze mpaka maji yatoke safi.

Mwanzi unaulizwa sana. Unapendeza mwezi wa kwanza, kisha unaoza kutokea ndani. Kifuu kinaushinda kwa kila kitu.

Majani na mchanga

Jani la mkungu lina sifa ambayo vitu vingine vyote havina: linafanya kazi kwa kuoza. Wafugaji wa beta wa Thailand wamelitumia tangu zamani, na mti wenyewe umejaa kando ya fukwe na barabara zetu. Okota lililoanguka lenyewe, la kahawia, mbali na barabara yenye magari mengi. Lisuuze, likaushe juani, uliache lielee mpaka lizame. Jani moja kubwa kwa lita 40 au 50 linatosha, na libadilishwe likianza kuchakaa na kubaki mishipa. Tanini yake huzuia ukungu kiasi, humtuliza beta na kuwapa uduvi chakula. Lakini usitegemee lishushe pH ya maji ya kisima. Chokaa nyingi humeza asidi yake yote, ukabaki na rangi tu. Kwa sababu hiyohiyo haina maana kuweka gogo na majani upande mmoja wa tangi na tumbawe upande wa pili. Asidi ya kimoja inakula kingine, na maji hayatulii popote.

Mchanga wa ufukweni una chumvi na vumbi la makombe, unafaa wale wale wa Tanganyika na Nyasa, tena baada ya kuoshwa sana. Mchanga wa mto wanaojengea ni bora kwa wengine wote. Omba ndoo moja kwa fundi, upime kwa siki, uuoshe ukiukoroga kwa mkono mpaka maji yamwagike safi.

Ndoo mbili kabla ya tangi

Kitu chochote, hata nilichokisifu, kipitie hapa. Chukua ndoo mbili safi za saizi moja ambazo hazijawahi kuwekwa sabuni. Zijaze maji yaleyale ya tangini. Kwenye moja weka kitu chako, nyingine iache tupu. Zifunike kwa chandarua, kwa sababu maji yaliyotulia Dar es Salaam ni mwaliko kwa mbu, na uziache kivulini wiki nzima. Siku ya nane zilinganishe: nusa, angalia mafuta juu, angalia rangi, paka maji kwenye vidole uone kama yanateleza. Kisha chovya karatasi ya kupimia pH kwenye kila ndoo. Kwa kuwa maji ni yaleyale, tofauti yoyote utakayoiona imeletwa na kile kitu. pH ikiwa imepanda, una chokaa. Ikiwa imeshuka kidogo na maji yamegeuka kahawia, una tanini. Ukiona utelezi, harufu au mafuta, una tatizo, na ni heri limekutokea kwenye ndoo.

Kwa samaki wako hasa

Mwenye beta mmoja na maji ya bomba achukue kifuu, tawi dogo la mpera na jani la mkungu, basi, hahitaji jiwe hata moja. Mwenye samaki wa dhahabu aweke mawe mawili matatu ya mto, laini, makubwa kuliko mdomo wa samaki, kwa maana hawa hunyonya kokoto na hukwama nazo kooni. Mwenye gapi na moli ana uhuru mkubwa kuliko wote, ila asijaze mapambo mpaka watoto wa samaki wakakosa pa kuogelea. Mwenye sikilidi wa Tanganyika au Nyasa ajenge ukuta wa mawe, tumbawe la nchi kavu likiwa kiini chake, aache mbao kabisa.

Anayebaki ni yule mwenye maji ya kisima ya chumvi ambaye moyo wake uko kwa neoni. Hakuna gogo wala jani litakaloyageuza maji hayo. Anaweza kukinga maji ya mvua wakati wa masika na vuli, ayachanganye na ya kwake. Ayakinge moja kwa moja kwenye chombo cha plastiki kilichowekwa uwanjani, si kutoka kwenye bati, kwa sababu bati huachia zinki. Mvua ikikata na akiba ikiisha, neoni watakuwa wa kwanza kuumia. Kama hana pa kuhifadhi maji ya kutosha msimu mzima wa kiangazi, namshauri afuge gapi, awawekee mawe na kifuu, na maji yake ya kisima yatawafaa kama yalivyo.